Dawa ya saratani ikishaingia mwilini inakwenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mfamasia hapa Mwanza. Kazi yangu ni kuandaa na kukabidhi dawa za saratani, lakini nusu ya siku naimaliza kujibu maswali. Mengine huulizwa kwa sauti. Mengine huulizwa kwa kunong'ona mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango, na hayo ya mlangoni ndiyo mazito kuliko yote. Nimeyakusanya hapa. Majina ya dawa nimeyaandika tunavyoyatamka; kwenye chupa utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza. Hakuna jibu hapa linalokuruhusu kubadili dozi bila daktari wako.

Dripu ikiisha, dawa inakwenda wapi?

Ndani ya dakika chache damu imeshaizungusha mwili mzima. Watu wengi hudhani inakwenda moja kwa moja kwenye uvimbe, kama mtu aliyetumwa nyumba fulani Nyegezi akaelekezwa hadi rangi ya geti. Dawa nyingi za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, hazijui anwani. Zinapita kila panapopita damu. Seli za saratani zinaumia zaidi kwa kuwa zinagawanyika harakaharaka, na seli za nywele, za utumbo na za uboho wa mifupa zinaumia kwa sababu hiyohiyo.

Wakati huohuo mwili umeshaanza kuitoa. Ini linaibadilisha au kuivunja, figo zinaichuja, nyongo inabeba masalia hadi kwenye choo kikubwa. Kwa hiyo kila dawa ya saratani iko mbioni: ifanye kazi yake kabla haijatolewa. Fluorourasili, kwa mfano, hubakia nusu tu kwenye damu baada ya dakika 10 hadi 20. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anachomwa sindano ya haraka na mwingine anaachiwa dripu ya siku nzima au zaidi kwa dawa hiyohiyo. Upande wa pili ipo sisplatini, ambayo ina madini ya platinamu ndani yake. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo, lakini chembechembe za platinamu zimewahi kupimwa kwenye damu ya watu miaka mingi baada ya matibabu kuisha.

Ini linafanya nini hasa?

Sufuria lililokaangiwa sangara halitakati kwa maji matupu. Mpaka sabuni. Dawa nyingi zina asili ya mafuta, na figo hutoa kwa urahisi vitu vinavyoyeyuka kwenye maji. Ini ndilo linalotia sabuni. Kwanza linaichokonoa dawa kwa vimeng'enya, yaani protini zinazobadilisha kemikali mwilini, linaikata hapa na kuigeuza pale. Kisha linaiambatanisha na kitu kinachopenda maji ili iweze kubebwa hadi nje.

Vimeng'enya hivyo vya mwanzo vina familia kubwa inayoitwa saitokromu P450. Mmoja wa familia hiyo, CYP3A4, anashughulikia dawa nyingi kuliko ndugu zake wote, na yuko kwenye ini na kwenye kuta za utumbo pia. Kumbuka jina hilo, litarudi.

Waliowahi kuvuka Kigongo kwenda Busisi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025 wataelewa haraka. Kivuko kimoja kikiharibika, foleni ya magari inarudi nyuma mpaka unaanza kununua mahindi ya kuchoma usiyokuwa na njaa nayo. Kikiongezwa kivuko kingine, foleni inayeyuka. Dawa nyingine, matunda fulani na mizizi fulani huharibu kivuko cha CYP3A4: dawa ya saratani inarundikana kwenye damu na kuwa sumu. Vingine huongeza vivuko: dawa inavushwa upesi mno, inatoka kabla haijafanya kitu, na saratani inaendelea kukua huku mgonjwa akiamini anatibiwa. Hili la pili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu haliumi. Mtu anajisikia vizuri kabisa.

Nimesikia kuna dawa ambazo zikiingia bado hazijawa dawa. Ni kweli?

Kweli kabisa. Saiklofosfamaidi ikiwa kwenye chupa haiui seli yoyote. Lazima ipite kwenye ini iamshwe, hasa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6. Watu wa hapa wamekijua kimeng'enya hicho bila kukijua jina: ndicho kinachovunja efavirenzi, ile dawa ya ARV ya zamani iliyowapa baadhi ya watu ndoto za ajabu na kizunguzungu asubuhi. Waliokuwa na aina ya CYP2B6 inayofanya kazi polepole ndio walioteseka zaidi, na aina hiyo ni ya kawaida kwa Waafrika.

Kapesitabini, vidonge vinavyotumika kwa saratani ya utumbo mpana na ya matiti, navyo huanza safari vikiwa vimelala. Ini linavifungua hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho, inayovigeuza kuwa fluorourasili, inafanyika zaidi ndani ya uvimbe wenyewe kwa sababu kimeng'enya kinachohusika kimejaa huko. Tamoksifeni pia. Mwanamke anameza tamoksifeni kila siku, lakini anayefanya kazi kubwa ya kuzuia homoni isilishe saratani ni mtoto wake, endoksifeni, anayezalishwa na kimeng'enya CYP2D6. Kuna dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, zinazokizima kimeng'enya hicho. Mama akiandikiwa mojawapo na daktari asiyejua kwamba anatumia tamoksifeni, endoksifeni inapungua.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ini ni kiungo cha kutoa sumu tu, mwambie hajamaliza. Kwa dawa kadhaa za saratani, ini ndilo jiko.

Kwa nini naambiwa ninywe maji mengi?

Kwa sababu ya kibofu na figo.

Saiklofosfamaidi ikivunjwa hutoa pia kitu kiitwacho akrolini. Hakitibu chochote. Kinakwenda kwenye mkojo, na kikikaa kwenye kibofu kinakichubua mpaka mtu anakojoa damu. Kwa dozi kubwa tunatoa mesna, ambayo huikamata akrolini ndani ya mkojo na kuifanya isidhuru. Kwa dozi za kawaida kinga kuu ni maji na kukojoa mara kwa mara, na usiku kabla ya kulala usilale na kibofu kilichojaa. Kama dawa ni vidonge, asubuhi ni bora kuliko jioni.

Sisplatini yenyewe huumiza mirija midogo ya figo inapotoka na kupoteza magnesiamu. Ndiyo maana unawekewa dripu za maji ya chumvi kabla na baada, na unalalamika kwamba siku nzima imeishia kwenye maji. Usilalamike sana kuhusu hilo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo sijawahi kulisoma kwenye kitabu chochote. Wagonjwa wa Ukerewe na visiwa vidogo wanaorudi kwa boti siku ileile ya dawa hukaa bila kunywa maji. Wanaogopa kubanwa katikati ya ziwa, na akina mama ndio zaidi. Mama mmoja alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba alikuwa akianza kunywa maji aliyoagizwa baada ya kufika Nansio, yaani zaidi ya saa tatu baadaye, ukihesabu na kusubiri bandarini. Siku ya dawa ndiyo siku ambayo kibofu kinayahitaji maji hayo. Kama unaweza, lala mjini usiku huo. Kama huwezi, kunywa wakati wa dripu, kojoa kabla ya kupanda, na usione aibu kuuliza choo cha boti kiko wapi. Kama una ugonjwa wa moyo au figo, muulize daktari kiasi cha maji, usijipimie mwenyewe.

Mkojo wangu umekuwa mwekundu baada ya dripu. Ni damu?

Kama ulipewa doksorubisini, ile dawa ya rangi ya juisi ya rozela, basi ni rangi ya dawa yenyewe, nayo huisha ndani ya siku moja au mbili. Kama hukupewa hiyo, au wekundu unaendelea siku ya tatu, au kuna mabonge au maumivu, rudi hospitali.

Mbona dozi yangu si sawa na ya mwenzangu na ugonjwa wetu ni mmoja?

Swali hili huleta ugomvi wodini. Watu wanalinganisha chupa. Mmoja akiona ya mwenzake imejaa zaidi anadhani amepunjwa.

Dozi nyingi za kemo hupimwa kwa eneo la ngozi ya mwili, linalokadiriwa kwa urefu na uzito. Ndiyo maana unasimamishwa kwenye mizani kila unapokuja, hata kama ulipimwa wiki iliyopita. Kanuni maarufu ya kukadiria eneo hilo ilichapishwa mwaka 1916 na akina Du Bois baada ya kuwapima watu 9 tu. Tisa! Dunia nzima imeijengea dawa zake juu ya watu 9, na kwa kweli imefanya kazi vizuri kuliko ilivyostahili.

Kaboplatini ina njia yake. Sehemu yake kubwa hutolewa na figo, kwa hiyo dozi inafuata nguvu ya figo zako, si ukubwa wako. Kanuni ya Calvert ya mwaka 1989 inachukua kiwango cha uchujaji wa figo, inaongeza 25, kisha inazidisha kwa lengo alilopanga daktari. Mtu mnene mwenye figo dhaifu anaweza kupewa kidogo kuliko kijana mwembamba. Hapo hakuna aliyepunjwa.

Halafu kuna tofauti za kuzaliwa. Fluorourasili huvunjwa kwa zaidi ya asilimia 80 na kimeng'enya kimoja kiitwacho DPD. Wapo watu wachache waliozaliwa nacho kikiwa kidogo sana. Kwao dozi ya kawaida inaweza kuwa ya hatari, na dalili huanza mapema: kuharisha kusikokoma, vidonda mdomoni, chembe nyeupe za damu kushuka ghafla. CYP3A5, ndugu yake CYP3A4, yuko hai kwa Waafrika wengi na amelala kwa Wazungu wengi. CYP2D6 ina aina dhaifu inayoonekana zaidi kwa Waafrika. Dozi nyingi tunazotumia zilijaribiwa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba deni hilo bado halijalipwa. Mpaka litakapolipwa, macho ya daktari na majibu ya damu yako ndiyo yanayorekebisha dozi.

Nimewahi kuugua kichocho. Ini langu litaiweza dawa?

Kwa sisi tuliokulia pembeni ya ziwa hili ni swali la maana, na sifurahi linaporukwa. Kichocho cha tumbo kimeenea sana kwenye visiwa na mialo ya Ziwa Victoria. Mayai ya minyoo hiyo hukwama kwenye mishipa midogo inayoingiza damu kwenye ini, na miaka ikipita kovu hujengeka kuizunguka.

Habari njema ni kwamba kovu hilo liko njiani kuliko ndani ya seli. Seli za ini zenyewe mara nyingi huendelea kufanya kazi vizuri, tofauti na ini lililoharibiwa na pombe au homa ya ini aina ya B. Habari isiyo njema iko kwenye bandama. Damu ikizuiwa kupita kwenye ini, bandama huvimba, na bandama iliyovimba hunasa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na chembe nyeupe. Mtu anaanza kemo damu yake ikiwa tayari pungufu, kisha dawa inaipunguza zaidi. Kama ulikulia kwenye mwalo, umewahi kutapika damu, au tumbo lako ni gumu upande wa kushoto chini ya mbavu, sema kabla ya mzunguko wa kwanza.

Homa ya ini aina ya B ipimwe pia. Kirusi hicho kinaweza kuwa kimelala miaka mingi na kikaamka kinga inaposhushwa na dawa za saratani, na zipo dawa za kukizuia kisiamke.

Na kama macho yamekuwa ya njano, usisubiri siku ya kliniki. Doksorubisini, vinkristini na paklitakseli hutolewa kwa njia ya ini na nyongo. Njia hiyo ikiziba, dozi ya kawaida inageuka kuwa dozi kubwa.

Natumia na dawa za miti shamba kidogo tu. Kuna shida?

Hili ndilo swali la mlangoni. Huja na neno "kidogo", na mara nyingi lita tano ziko nyumbani.

Sitakutukana wala sitamtukana bibi aliyekuchemshia. Vinkristini ninayoitoa dirishani inatokana na ua. Lile ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, petali tano, linaloota mpaka kwenye mchanga mkavu mbele ya nyumba bila kumwagiliwa: asili yake Madagaska, na ndani ya majani yake mna vinkristini na vinblastini. Paklitakseli ilianza kwenye gamba la mti. Kwa hiyo anayesema miti haina nguvu hajui anachosema.

Ila nguvu hiyo ndiyo shida. Ili kupata gramu moja ya vinkristini viwanda husaga mamia ya kilo za majani makavu, na mtu mzima hupewa miligramu 2 au chini ya hapo kwa wiki. Ukichemsha majani hayo jikoni hujui umepata kiasi gani, na ndani yake mna kemikali nyingine nyingi zilizokuja bila kualikwa. Tafadhali usiyachemshe.

Kwa mizizi na magome mengine, mwarobaini, mlonge, mchanganyiko wa chupa isiyo na lebo unaouzwa stendi, swali langu ni lile la kivuko: inaharibu kivuko au inaongeza? Kwa michanganyiko mingi hakuna aliyepima. Ninachoomba ni hiki: lete chupa. Lete hata mzizi wenyewe kwenye mfuko. Wiki ya dawa, acha. Ukinificha, majibu ya ini lako yakipanda tutailaumu kemo, tutaipunguza au kuibadilisha, na huenda kosa halikuwa lake.

Natumia dawa za TB, ARV au Septrin. Niseme?

Sema yote, hata kama kadi yako ya kliniki nyingine umeiacha nyumbani.

Rifampisini ya TB ndiyo mwongeza vivuko mkubwa kuliko wote ninaoujua. Ikitumika pamoja na imatinibu, ile ya saratani ya damu ya muda mrefu, kiasi cha imatinibu mwilini hushuka kwa karibu robo tatu. Na ukiacha rifampisini leo, vivuko vya ziada havizamishwi leo. Huchukua wiki mbili hivi ini kurudi kwenye hali yake.

ARV za sasa zenye dolutegraviri ni rafiki kwa ini kuliko zile za zamani zenye efavirenzi. Zina ujanja mmoja tu wa kujua: dolutegraviri hupandisha kidogo kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, bila figo kuumia, kwa hiyo anayepiga hesabu ya kaboplatini anaweza kudhani figo zako ni dhaifu kuliko zilivyo. Na tenofoviri, ARV nyingine, pamoja na sisplatini zote huzigusa figo, kwa hiyo vipimo vinafuatiliwa kwa karibu zaidi.

Septrin na methotrekseti, dawa nyingine ya saratani, hazikai nyumba moja kwa amani. Zote mbili hupingana na foliki asidi, na Septrin huchelewesha figo kuitoa methotrekseti. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo huichelewesha. Diklofenaki inauzwa dukani kama pipi, na mtu mwenye maumivu ya mgongo hataona sababu ya kuitaja. Itaje. Mwenye maji tumboni au kifuani pia aseme, maana methotrekseti hujificha kwenye maji hayo na kurudi kwenye damu polepole siku kadhaa baadaye.

Flagyl kwa ajili ya tumbo: inazuia fluorourasili isivunjwe upesi. Anayeharisha kwa sababu ya fluorourasili akajinunulia Flagyl anaongeza kuni kwenye moto anaotaka kuuzima. Dawa za fangasi wa mdomoni za jamii ya itrakonazoli humzuia CYP3A4, na vinkristini inakaa mwilini muda mrefu zaidi: ganzi ya vidole, choo kigumu, taya kuuma.

Na malaria? Homa ya nyuzi 38 au zaidi ukiwa kwenye kemo si ya kumezea dawa mseto ukalala. Chembe nyeupe zikiwa chini, maambukizi yanaweza kuua ndani ya siku moja. Nenda hospitali usiku huohuo, malaria itapimwa hukohuko.

Vipi kuhusu chakula?

Ugali, sato, dagaa, mboga, kula. Protini ina kazi ambayo haionekani: dawa nyingi husafiri zikiwa zimejishikiza kwenye albumini, protini ya damu, na ile isiyoshikwa ndiyo inayofanya kazi. Mtu aliyekonda sana, albumini yake ikiwa chini, anabakiwa na dawa nyingi isiyoshikwa. Dagaa si chakula cha kudharau.

Balungi ni tatizo halisi. Juisi yake huzima CYP3A4 wa kwenye utumbo kwa siku nzima au zaidi, kwa hiyo kula balungi asubuhi na kumeza imatinibu jioni hakusaidii. Danzi nalo ni hivyohivyo. Chungwa la kawaida halina neno.

Muda wa kumeza unatofautiana na usikisie. Imatinibu: pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Kapesitabini: ndani ya nusu saa baada ya kula. Abirateroni ya tezi dume: tumbo tupu. Hii ya mwisho ikimezwa na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kupanda mara 10. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi dawa yoyote naimezea uji, ndivyo nilivyolelewa." Tulikubaliana uji usubiri saa moja.

Na bia moja?

Wiki ya dawa, hapana. Gongo, hapana wiki yoyote.

Kama dawa inatoka ndani ya siku chache, kwa nini nasubiri siku 21?

Kusubiri ni kwa ajili ya uboho, si kwa ajili ya dawa. Dawa nyingi huwa zimepungua hadi kiasi kidogo kabisa ndani ya siku mbili tatu, lakini kiwanda cha damu kilichopigwa hakiamki haraka. Chembe nyeupe hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, kisha hupanda. Tukikupiga tena kabla hazijapanda, shimo linakuwa refu zaidi. Ukirudishwa nyumbani kwa sababu damu haijakaa sawa, najua umelipa nauli kutoka Sengerema au Geita, na najua inauma.

Mtoto wangu ana uvimbe wa taya. Mbona wanashughulika na figo?

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili, alieleza uvimbe huo wa taya za watoto, nao ukachukua jina lake. Hukua kwa kasi kuliko saratani karibu zote, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na kwa sababu hiyohiyo huyeyuka haraka dawa inapoingia. Hapo ndipo figo zinapoingia. Mamilioni ya seli zikifa kwa pamoja humwaga potasiamu, fosfati na asidi ya yuriki kwenye damu. Asidi hiyo inaweza kuganda kwenye mirija ya figo. Mtoto huwekewa maji mengi na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi hiyo, kabla hata ya dripu ya kwanza, na mkojo wake hupimwa kwa saa. Mama, ukiambiwa utunze kila tone la mkojo kwenye chombo, si usumbufu. Ndicho kipimo tunachokitegemea.

Alopurinoli hiyohiyo ina mgogoro na merkaptopurini, dawa ya saratani ya damu. Inazuia kimeng'enya kinachoivunja, na zikitolewa pamoja, dozi ya merkaptopurini hushushwa hadi robo au theluthi.

Choo na nguo zangu ni salama kwa familia?

Kwa angalau saa 48 baada ya dawa, na kwa baadhi ya dawa siku zaidi, mkojo, choo na matapishi yako yana masalia yake. Choo cha kuvuta: funga mfuniko, vuta maji mara mbili. Choo cha shimo: chuchumaa vizuri usirushe matone, mwaga maji, funika. Anayekufulia mashuka yaliyochafuka avae glavu na ayafue peke yake. Mjamzito asishike. Ndoo ya kukojolea usiku isiwe ndiyo ya kuogeshea mtoto.

Kukumbatiana, kula sahani moja, kulala na mjukuu: hakuna shida. Tendo la ndoa tumieni kondomu. Kunyonyesha kunasimama, maana dawa kadhaa hupita kwenye maziwa.

Kuna juisi ya kusafisha sumu za kemo?

Hapana. Una ini moja na figo mbili, zinafanya hiyo kazi bure.

Dozi yangu imepunguzwa. Wamekata tamaa?

Hapana. Ukiona dozi imeshushwa, mara nyingi maana yake ni kwamba mwili wako unaitoa dawa polepole kuliko ilivyokadiriwa, kwa hiyo kiasi kidogo kinakupa kilekile anachopata mwingine kwa kiasi kikubwa. Bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, imepanda kwenye damu, wanapunguza doksorubisini. Kreatinini imepanda, wanapunguza au kubadilisha sisplatini. Zipo pia dawa zenye kikomo cha maisha: doksorubisini ikifikia jumla ya miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, moyo unaanza kuwa hatarini, na daktari huiacha hata kama bado inafanya kazi. Kwa hiyo daftari lako lenye rekodi za dozi zote ni mali. Zamani wagonjwa wengi wa Kanda ya Ziwa walipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wengine bado wana historia ya huko. Kama ulianzia kule na sasa unaendelea hospitali ya Bugando hapa Mwanza, njoo na karatasi zote, hata zilizoloana.

Nimebakiwa na vidonge, nivitupe wapi?

Visiende ziwani, visiende chooni, visimfikie jirani mwenye ugonjwa "kama wangu". Vifunge kwenye mfuko, virudishe dirishani vilikotoka. Tutavipokea bila kukuuliza kwa nini hukuvimaliza, ingawa ukitaka kutuambia, kiti kipo.